Insha ya Tatu ya Neta Wiebe

Neta Wiebe hakurudi shule kwa kiu ya elimu. Alirudi kwa sababu ya magoti. Miaka ishirini na ushei alikuwa amesimama juu ya sakafu ya saruji ya jiko la nyumba ya wazee, akimenya viazi na kuinua masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake, na sasa kila asubuhi magoti yalilia kabla hajavaa viatu. Kliniki ya mji ilikuwa inatafuta mtu wa mapokezi: wa kukaa, kupokea simu na kuandika majina ya wagonjwa. Mtu wa kukaa! Neta alilisoma neno hilo, akalirudia. Chini yake pameandikwa kwamba mwombaji awe amemaliza darasa la kumi na mbili. Yeye aliishia la saba.

Kwenye vijiji vyao vya kusini mwa Manitoba, Kanada, jambo hilo halikumshangaza mtu. Wasichana wengi wa rika lake wa Kimennoni, Wakristo wakulima wa asili ya Kijerumani, walitolewa shuleni mara walipoweza kubeba mtoto kiunoni na ndoo mkononi. Kwa Neta ilikuwa mwaka ule mama yake, Susanna, alipojifungua mapacha, kisha akalala akauelekea ukuta, akakaa hivyo majira ya baridi yote mpaka ngano ikaota. Baba alisimama mlangoni akawatazama watoto wake mmoja mmoja, macho yakamwangukia Neta. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mapacha wale leo wana vipara, mmoja anauza matrekta, na Neta ana arobaini na saba.

Basi akajiandikisha katika kituo cha elimu ya watu wazima, vyumba viwili juu ya duka la zamani la vifaa vya ujenzi. Kazi ya jikoni ilianza kabla ya mapambazuko na kuisha mchana, na darasa lilianza alasiri. Katikati alipata nafasi ya kula mkate na soseji ndani ya gari, injini ikiunguruma ili asigande, na kufumba macho kidogo. Mara nyingi ilikuwa kazi kuyafumbua.

Mwalimu wao wa Kiingereza alikuwa Daria Hnatiuk, mama wa Kiukreni mwenye mgongo ulioanza kupinda, aliyestaafu baada ya kufundisha maisha yake yote, kisha akarudi kazini. Kukaa nyumbani na mume mstaafu, alisema, ni kazi kama nyingine, ila haina likizo. Wanafunzi wa alasiri walikuwa wachache kuliko wale wa jioni. Jirani wa Neta kwenye meza alikuwa Cornelius Hiebert, mchomeleaji vyuma, kijana mwenye kope zilizoungua, ambaye mji mzima ulimwita Corny na ambaye alimwita Neta shangazi.

Theluji ilikuwa bado imefika madirishani pale Mwalimu Hnatiuk alipowagawia kile kifungu. Kilikuwa kurasa mbili tu, zilizotolewa katika riwaya ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Ndani yake kuna msichana wa miaka kumi na mitatu, Signe, anayeishi shambani. Baba ameumia mguu, mama yuko hospitali mjini, na usiku wa baridi kali ng'ombe anashindwa kuzaa. Baba anaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamwelekeza, na msichana anaingiza mkono mpaka begani na kumvuta ndama. Wakirudi ndani, baba anamimina kahawa kwenye kikombe cha buluu cha mama na kumsukumia. "Nawe unywe," anasema. Msichana anakunywa. Basi, hadithi imekwisha.

Chini ya kifungu kulikuwa na swali: Onyesha jinsi mwandishi anavyosawiri safari ya msichana kutoka utotoni hadi utu uzima.

"Safari gani, Mwalimu?" Corny akauliza. "Katoka zizini kaingia jikoni. Hata viatu hakubadilisha."

Darasa likacheka. Mwalimu Hnatiuk naye akacheka kwa pua, kama mtu aliyeusikia utani huo miaka mingi kabla Corny hajazaliwa.

"Ndiyo hiyo hiyo," alisema. "Sasa niandikie kurasa tatu juu ya hiyo njia fupi."

Neta aliandika insha ya kwanza Jumamosi, mezani kwake, kati ya kuanika nguo na kukaanga vitunguu. Aliiandika kwa urahisi uliomtia wasiwasi. Alieleza jinsi baridi ilivyokuwa, jinsi ng'ombe alivyolia, na mguu wa ndama ulivyokuwa umekunjika vibaya. Hapo palimpa shida kidogo kwa sababu mwandishi hakupaeleza sawasawa, kwa hiyo Neta akampelekea msaada. Alimaliza na kahawa. Mumewe Abram, ambaye alifanya kazi kwenye mabanda ya nguruwe na hakuwa msomaji, aliisoma yote amesimama.

"Mbona nzuri," alisema. "Nilidhani ndama atakufa."

Ilirudi na mstari mwekundu mmoja mrefu kando, kutoka juu mpaka chini, na maneno machache: Umenisimulia hadithi. Hadithi ninayo.

Baada ya darasa Neta alibaki, karatasi mkononi, koti limeshafungwa vifungo vyote.

"Sijaelewa, Mwalimu. Niandike nini kama siandiki kilichotokea?"

Mwalimu Hnatiuk alivua miwani akajisugua macho. "Neta, ukipika supu ya kabichi, mtu akikuuliza kwa nini ni tamu, utamwambia 'nilikula kijiko, nikala kijiko kingine, bakuli likaisha'?"

"Hapana. Nitamwambia ni siki na bizari."

"Basi. Mwandishi ametia nini humo ndani mpaka tukaona msichana amekua? Neno lipi? Kitu kipi? Unatoa hoja moja, halafu unaning'ang'aniza niikubali kwa maneno yake mwenyewe. Umenipata?"

"Nimekupata," Neta alisema, kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma na ngazi za kushukia zilikuwa nyingi.

Hakuwa amempata. Nyumbani alimwonyesha bintiye Marlene, aliyemaliza shule mwaka uliopita na sasa alikuwa akiuza dawa za meno na shampuu mjini huku akifikiria la kufanya baadaye. Marlene alikipitia kifungu kile akila tufaha, asikae hata kwenye kiti.

"Mama, rahisi hii. Kahawa ni ishara ya utu uzima. Kikombe cha mama ni ishara kwamba amechukua nafasi ya mama. Ndama ni ishara ya kuzaliwa upya. Weka ishara tatu, aya tatu, utangulizi, hitimisho. Walimu wanapenda ishara kama nzi na jamu."

"Na wewe unaamini hivyo?"

"Kuamini?" Marlene alicheka. "Mama jamani. Ni insha, siyo ubatizo."

Neta aliziandika ishara tatu kwa aya tatu. Aliandika kwamba kahawa ni chungu kama utu uzima ulivyo mchungu, sentensi ambayo Marlene alimpa bure. Insha ya pili ikapata sitini na tano kwa mia, na pembeni: Sasa ndiyo insha. Umefaulu.

Ndivyo ingekwisha. Mtu mwenye akili zake angeiweka karatasi ile ndani ya droo akalala. Na Neta alikuwa amechoka, Mungu anajua. Alichoka kiasi kwamba siku moja jikoni alitia chumvi kwenye jamu ya matunda, wazee wakaila kimya, wakidhani ni ulimi wao uliozeeka. Lakini kila alipoinama juu ya karai la viazi, yule Signe alikuja akasimama mbele yake, mkono wake ukiwa na damu mpaka begani, kikombe cha buluu mkononi, hasemi kitu.

"Amekua," Neta alijiambia akimenya. "Amekua vipi? Kwa kikombe kimoja?"

"Nani amekua?" aliuliza mpishi mwenzake kutoka upande wa pili wa jiko.

"Hakuna. Nipitishie ndoo."

Alikumbuka majira yake yale ya baridi. Hakukumbuka mlango wowote aliouvuka. Alikumbuka nepi zilizoganda kwenye kamba zikawa ngumu kama mbao, na harufu ya maziwa yaliyochacha, na dada zake wakipita dirishani kwenda shule na mikebe yao ya chakula. Kama siku moja mtu alimtazama akasema huyu sasa ni mkubwa, Neta hakuwepo. Labda alikuwa nje anachota maji.

Jumapili alasiri alikwenda kwa mama yake, kama ilivyo desturi, kunywa kahawa na mikate ya mviringo na jibini na jamu. Susanna alikuwa na miaka sabini na kitu na aliishi kwenye kinyumba nyuma ya nyumba ya mtoto wake muuza matrekta. Alikuwa mwembamba, nywele chini ya kitambaa cheusi, na mikono iliyokuwa haiwezi kukaa bure. Siku hiyo ilikuwa inafuma soksi. Abram alisinzia kwenye kochi mara tu alipomaliza mkate wa tatu. Neta alitoa kifungu kwenye mkoba akamsomea mama yake, akikigeuza kidogo kidogo katika Kijerumani chao cha nyumbani.

Susanna alisikiliza mpaka mwisho, sindano zikienda.

"Na huyo mama yake?" aliuliza.

"Yuko hospitali."

"Nimesikia. Ana nini? Mtoto au maradhi?"

Neta akatazama karatasi. "Hawasemi."

"Hawasemi!" Susanna alisimamisha sindano. "Mwanamke amelazwa mjini, nyumba inapinduka, halafu mwandishi anatueleza habari za ng'ombe?"

"Mama, hadithi ni ya msichana."

"Msichana kaingiaje zizini kama mama yake si mgonjwa?"

Neta alimimina kahawa, akaikoroga ingawa hakuwa ametia sukari. Kisha akasema neno ambalo hakuwa amepanga kulisema, siyo siku hiyo, na pengine siyo kamwe.

"Mama, mwaka ule wa mapacha. Kwa nini mimi? Dada Tina alikuwa mkubwa kwangu."

Abram alikoroma taratibu. Susanna alihesabu mishono yake, akakosea, akaanza tena.

"Sikukuchagua mimi," alisema mwishowe. "Alichagua baba yako. Mimi nilikuwa naangalia ukuta. Ulikuwa na ua la rangi, ile karatasi ya ukutani, naliona mpaka leo. Nilikuwa nasikia mtoto analia, nawaza, mbona mama yake haendi." Akavuta uzi. "Baadaye nilimuuliza baba yako kwa nini Neta. Akasema, Neta ndiye aliyekuwa macho. Alipoingia chumbani kwenu asubuhi wengine walikuwa wamelala."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu. Ulitaka kitu kikubwa zaidi?"

Neta alicheka, na kicheko kikamuuma mahali fulani chini ya mbavu. "Sijui nilitaka nini."

"Nilipoamka kitandani ulikuwa umesuka nywele ukazizungusha kichwani, kama mwanamke. Sikukuona ukikua, Neta. Nilikuta kazi imekwisha." Susanna alimtazama, macho yake makavu. "Unataka nikuombe radhi?"

"Sitaki kitu, mama. Nimechoka tu."

"Haya. Sote tumechoka. Kula jibini, litakauka."

Kwenye gari, njiani, Abram akiendesha na upepo ukisukuma theluji barabarani kama unga, Neta alikisoma tena kile kifungu kwa mwanga uliobaki. Alimtafuta mama. Hakumkuta kama mtu, alikuta vitu vyake: aproni kwenye msumari, kikombe cha buluu, buti zake ambazo msichana amezivaa zikiwa kubwa. Kisha, kwa kuwa macho yalikuwa yameshazoea kutafuta, aliona jambo jingine. Signe alikuwa anasema mwanzoni. Anauliza kama ng'ombe ataumia. Anasema hawezi. Anamwita mama yake, ingawa mama hayupo. Ndama anatoka, na kutoka hapo mpaka mwisho msichana hatamki neno. Na yule baba, ambaye mwanzoni anamwita kifaranga, kifaranga wangu, njoo hapa, mwishoni hamwiti chochote. Nawe unywe.

"Abram," alisema. "Huyu mtoto hakukua. Ameanza kutumika tu."

"Mtoto yupi?" Abram aliuliza akishtuka. Alikuwa anawaza bei ya matairi.

Jumanne Neta alimsubiri Mwalimu Hnatiuk chini ya ngazi.

"Mwalimu, nataka kuandika tena ile insha."

"Ipi?"

"Ile ya ndama."

Mwalimu aliweka mfuko wake wa karatasi kwenye ngazi, polepole, mfuko mzito. "Neta. Umefaulu. Sitini na tano."

"Najua."

"Nina insha arobaini za kusoma, na mume mwenye mafua. Wewe unaamka saa ambayo hata jogoo wanageukia upande wa pili. Nenda kalale, mama."

"Nimesema uongo humo. Zile ishara siziamini."

"Kila mtu anasema uongo kwenye insha yake ya pili. Ndiyo maana kuna ya pili."

"Nitaandika fupi."

Mwalimu Hnatiuk akauinua mfuko. "Hakuna anayeandika fupi," alisema, akaanza kupanda. Alipofika katikati akasema bila kugeuka, "Iwe mezani kwangu kabla ya Pasaka."

Insha ya tatu haikuwa rahisi kama ya kwanza wala nyepesi kama ya pili. Neta aliiandika vipande vipande: mapumzikoni, amekaa juu ya gunia la unga ghalani, kwenye gari, glovu moja imevuliwa, Jumamosi mezani, akimfukuza kila aliyeuliza kuna nini cha kula. Alichojua aliweza kukisema kwa mdomo kwa pumzi moja, lakini kikifika kwenye karatasi kilikimbia. Kila sentensi iliita nyingine, na ile nyingine ilitaka kueleza habari za nepi zilizoganda, ambazo hazikuwa kwenye kifungu na hazikuwa na ruhusa ya kuingia. Alizikata. Zikarudi kwa mlango mwingine. Siku moja alilala juu ya karatasi, akaamka na neno "ndama" limejichapa shavuni kinyumenyume, Marlene akalisoma kwa sauti, wakacheka mpaka Neta akatokwa machozi, na hakuweza kusema ni machozi ya nini.

"Mama, achana nayo," Marlene alisema, kicheko kimepoa. "Kwani unamwandikia nani? Umeshapita."

"Nikijua nitakwambia."

Corny naye alisogeza kichwa darasani akachungulia. "Shangazi, hii ndiyo ile ile? Mimi ya kwangu nimeshaisahau, na nimeiandika juzi."

"Ulipata ngapi?"

"Hamsini na mbili. Nilisema ndama ni ishara ya nyama." Akampigia saluti kwa kalamu.

Aliikabidhi siku ya mwisho, kurasa nne na robo, imefutwafutwa. Katika ukurasa wa pili ilikuwa na aya hii, ambayo Neta aliisoma mara nyingi kabla ya kuiachia, akiogopa kwamba imekuwa wazi kupita kiasi:

Kabla ndama hajazaliwa, Signe anasema. Anauliza, anakataa, anamwita mama yake. Baada ya ndama hasemi neno. Mwandishi hakusahau kumpa maneno, amemnyang'anya. Baba naye alikuwa akimwita kifaranga, na sasa hamwiti kitu. Mtu akikua watu humwongezea jina. Signe amepoteza hata lile dogo alilokuwa nalo. Kwa hiyo sikubali kwamba kahawa ile ni heshima. Baba ana haya, na hajui asemeje ahsante, akaona amimine.

Theluji ikaanza kuyeyuka, mitaro ikajaa maji, barabara za vijijini zikawa uji. Wiki baada ya Pasaka karatasi zikarudi. Mwalimu Hnatiuk alimwita Neta mezani wengine walipokwisha kushuka, akafungua chupa yake ya kahawa, akamimina vikombe viwili vya plastiki. Insha ilikuwa mbele yao. Juu pameandikwa hamsini na nane.

Neta aliitazama namba ile. Alihisi uso unapata moto, kama mtu aliyefungua oveni.

"Imeshuka," alisema.

"Imeshuka. Inabaki ile sitini na tano, usiogope. Sheria inachukua iliyo juu." Mwalimu aligusa ukurasa wa pili kwa kidole. "Aya hii, Neta, nimewasomea wenzangu kwa simu. Sitanii. Lakini zilizobaki zinakimbia ovyo kama kuku waliofunguliwa. Hapa umeanza na mama, ukamwacha. Hapa unagombana na mtu, sijui ni nani, siyo mwandishi. Hitimisho halipo. Umeacha tu, kama mtu aliyesikia simu inalia."

"Nilikuwa nimechoka."

"Inaonekana. Siwezi kutoa maksi kwa uchovu. Ningeweza, ningekuwa nimejipa mwenyewe mia."

Wakanywa. Chini, dukani, ambako sasa paliuzwa mazulia, mtu alikuwa anaburuta kitu kizito.

"Na sikubaliani na wewe," Mwalimu Hnatiuk alisema.

"Kwa nini?"

"Unasema hakukua, ametumika tu. Unasema amenyamaza, amepoteza jina, hakuna anayemshukuru, na kesho ataamka aende zizini tena. Sawa. Yote yamo, umeyathibitisha. Lakini mimi nauliza, kukua si ndiko huko? Nani alikuambia kukua ni kitu kizuri?"

Neta alimtazama yule mama na mgongo wake uliopinda, mfuko wake wa karatasi umeegemea mguu wa meza, ukiwa umejaa Signe wengine arobaini.

"Basi swali limekosea," alisema hatimaye. "Limeandikwa 'safari'. Mtu akisikia safari anadhani kuna pahali pa kufika."

Mwalimu Hnatiuk aliweka kikombe chini, akacheka, safari hii siyo kwa pua. Alicheka mpaka akakohoa. "Hilo ndilo hitimisho lako," alisema akijifuta macho. "Umelichelewesha, mwanamke wewe. Siku kumi umelichelewesha."

"Naweza kuliongeza?"

"Thubutu!"

Neta alishuka ngazi akishika ukuta. Alikuwa na hasira kwa sababu ya ile hamsini na nane, hasira ya kitoto kabisa, na juu ya hasira hiyo alikuwa na kitu kingine kilichofanana na njaa iliyoshiba nusu. Hakumwonyesha Marlene alama. Alimwambia Abram, naye akafikiri, akasema kwamba kwenye mabanda pia mara nyingine nguruwe aliyelishwa vizuri hupungua uzito, hakuna ajuaye sababu. Alikusudia kumfariji, na Neta aliyapokea hivyo.

Nafasi ya kliniki ilikuwa imeshachukuliwa, tangu Machi, na msichana wa miaka ishirini mwenye sauti tamu. Neta hakushangaa sana. Lakini mkuu wa nyumba ya wazee, aliposikia kwamba anasoma, alimweka ofisini siku mbili kwa wiki kushika simu wakati karani wao amejifungua, na siku zilizobaki akaendelea jikoni. Siku za simu alirudi nyumbani amechoka vilevile, ila kichwani badala ya miguuni, na ilimchukua muda kuamua kama hayo ni maendeleo.

Kwa mama yake aliendelea kwenda Jumapili. Hawakuzungumza tena habari za ule mwaka. Mara moja tu, Susanna alipokuwa anampima soksi mguuni, alisema, "Tina angewaangusha wale watoto," kisha akaomba apitishiwe mkasi.

Cheti cha Kiingereza kilikuja kwa posta mwezi Juni, na ndani ya bahasha ileile kulikuwa na barua ya kumkumbusha kwamba ili kumaliza darasa la kumi na mbili bado anadaiwa hisabati. Abram aliisoma amesimama, kama alivyosoma vyote.

"Hisabati," alisema. "Huko angalau hawakuulizi ng'ombe ana maana gani."

"Wataniuliza ng'ombe wangapi."

"Utaenda?"

Neta alikuwa ameketi kwenye ngazi za nyuma, miguu ndani ya beseni la maji baridi, akimenya maharage ya kijani kwenye bakuli mapajani. Upepo ulileta harufu ya mabanda, kama kawaida ya jioni za joto.

"Niulize baada ya mavuno," alisema. "Sasa hivi usiniulize kitu."

Abram akavua buti, akaketi kando yake, akachukua konzi ya maharage.